LUMBESA YA ANGANI: MTEJA WA ZAMANI ALIPIA KARAMU YA MGENI

Mkulima wa viazi wa Njombe hahitaji kufundishwa maana ya lumbesa. Aijua tangu utoto. Mchuuzi huja na gunia lake, hulijaza mpaka mdomoni, kisha hulishonea kilemba juu, kilemba kikubwa kama gunia la pili. Mwisho wa kazi mkulima hulipwa gunia moja. Sheria ya vipimo yakataza jambo hilo, viongozi wamelipigia kelele miaka nenda miaka rudi, na bado vilemba vyapanda malori. Hila yenyewe ni nyepesi: anayeshika kipimo ndiye anayeamua nani ashibe na nani alale njaa.

Leo twataka kusema juu ya lumbesa nyingine. Hii haishonwi kwa kamba. Yashuka kutoka angani, yapita kwenye dishi lililofungwa juu ya bati, yaingia katika king'amuzi, na kila mwezi yatoa shilingi mfukoni mwa mtu aliyezitafuta kwa jasho katika baridi ya Njombe na vumbi la Makambako. Wenye kipimo safari hii ni makampuni ya televisheni ya setelaiti. Na anayeumizwa kuliko wote si mteja mkorofi wala mteja mdaiwa. Ni mteja mwaminifu.

WALIINGIAJE DARINI MWETU?

Tukumbushane kidogo. Kituo cha ITV kilipoanza mwaka 1994, televisheni ilikuwa kitu cha mjini. Sisi huku Nyanda za Juu tuliishi kwa redio. Usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa zamu. Tangu hapo, katika nyumba nyingi, televisheni isiyokuwa na king'amuzi imekuwa pambo la sebuleni la kufunikwa kitambaa.

Njombe ulikuwa umetoka tu kuwa mkoa mwaka huo huo wa 2012. Nchi yetu ni ya milima na mabonde. Mawimbi ya minara hukwama mlimani, na mtu wa bondeni hubaki na chenga. Kwa hiyo wengi wetu hatukuchagua dishi kwa kupenda fahari. Tulilichagua kwa sababu anga ndiyo njia pekee isiyokuwa na mlima.

Wenye biashara walikuwa tayari. DStv ya MultiChoice, kampuni ya Afrika Kusini, huduma yake ilianza mwaka 1995, na mwaka 2025 kampuni hiyo ilichukuliwa na Canal+ ya Ufaransa. StarTimes ya China iliingia kwa ubia na shirika letu la utangazaji, TBC. Azam TV ya hapa hapa nyumbani, tawi la biashara za Bakhresa, ilianza Desemba 2013. Leo ukisimama kwenye mwinuko wowote wa Makambako, ukatazama mabati ya mji, utaona madishi kama uyoga baada ya mvua.

Hatusemi kwamba hayakuleta faida. Yameleta habari, mafundisho, Bunge, tamthilia za Kiswahili na mpira. Lakini faida ya kitu haiondoi haki ya anayekilipia.

SHITAKA LA KWANZA: MGENI NJOO, MWENYEJI AKOME

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Makampuni haya yameugeuza msemo huo. Mgeni akija, mwenyeji hukoma.

Tazameni msimu wa sikukuu, au ligi za Ulaya zinapoanza. Magari ya matangazo hupita yakipiga muziki. Dishi limeshushwa bei! King'amuzi kimeshushwa bei! Mwezi wa kwanza umo ndani! Kwa nani? Kwa mteja mpya. Yule wa mtaa wa pili, aliyelipa mwezi baada ya mwezi kwa miaka minane, aliyenunua dishi lake kwa bei kamili, yeye hupata ujumbe mmoja tu katika simu: kifurushi chako kimekwisha, lipia sasa.

Mara moja moja hutangazwa zawadi kwa wa zamani pia: lipia kifurushi cha juu kidogo, nasi tutakupandisha kingine cha juu zaidi. Tazameni vizuri zawadi hiyo, ndugu zangu. Hata yenyewe yakudai kwanza utoe zaidi ya ulivyozoea. Anayelipa kile kile kila mwezi, bila kukosa na bila kelele, hana karamu. Uaminifu wake wahesabiwa kuwa ni mali ambayo kampuni imekwisha kuipata. Na mali iliyokwisha patikana haina haja ya kubembelezwa.

Mwenye duka wa Makambako hafanyi hivyo. Mteja wake wa siku zote humpa nyongeza: kitunguu kimoja juu ya fungu, au sukari kwa mkopo mpaka mwisho wa mwezi. Mgeni hupewa bei ya kawaida. Duka dogo la bati lajua adabu ambayo makampuni yenye setelaiti hayaijui!

SHITAKA LA PILI: MWEZI USIOKUWA MWEZI

Ukilipia king'amuzi, wahesabiwa mwezi. Saa yaanza kwenda pale pale. Umeme ukikatika siku tatu, saa yaenda. Mvua kubwa ya Januari ikiziba mawimbi jioni nzima, saa yaenda. Ukipanda shambani wiki mbili kupalilia viazi, nyumba imefungwa kufuli, saa yaenda. Siku ya mwisho ikifika, picha hukatwa, na hakuna mtu anayeuliza ulitazama siku ngapi.

Twauliza: ni biashara gani nyingine katika Njombe inayokwenda namna hiyo? Umeme wa LUKU ukikatika, uniti zako zakungoja mpaka utakaporudi. Mwenye mashine ya kusaga hawezi kukutoza debe ambalo hakulisaga kwa sababu mota ilizimika. Fundi wa kuchana mbao hulipwa kwa mbao zilizochanwa, si kwa siku alizokaa akitazama mvua.

Makampuni yatasema mvua si yao. Kweli, mvua ni ya Mungu. Lakini mawimbi waliyoyachagua kutumia hufifia katika mvua nzito, na jambo hilo walilijua kabla hawajapanda kilima cha Njombe kutuuzia dishi. Aliyejua hasara itakuja, akaamua mapema kwamba hasara yote ni ya mnunuzi, huyo hajasingiziwa akiitwa mwenye lumbesa.

Dawa ipo. StarTimes imewahi kufungua malipo ya siku na ya wiki, na dunia haikuanguka. Ikiwa yawezekana kuuza siku moja, yawezekana pia kurudisha siku moja.

SHITAKA LA TATU: GUNIA LA CHANELI

Mtu ataka chaneli mbili au tatu: taarifa ya habari, mpira wa nyumbani, na katuni za watoto. Haruhusiwi kununua tatu. Sharti anunue gunia zima, na ndani yake mna chaneli za lugha asizozijua na za bidhaa ambazo hazifiki hata Mafinga. Akitaka mchezo mmoja mkubwa, huambiwa haumo katika gunia lake. Umo katika gunia la juu. Hiki ndicho kilemba chenyewe. Kwa mkulima wa viazi mchuuzi huongeza mzigo bila kuongeza bei. Kwa mtazamaji kampuni huongeza mzigo ili ipate kuongeza bei. Njia ni mbili, kipimo ni kimoja, na hakiko mikononi mwetu.

Wengine wamekwisha kukataa. India, kuanzia Februari 2019, mamlaka ya mawasiliano iliamuru kila chaneli ya kulipia itangazwe bei yake peke yake, na mtazamaji awe na haki ya kuchagua anayoitaka mmoja mmoja. Kulikuwa na kelele na bei nyingine zilisumbua, lakini kanuni ilisimama: mnunuzi aone bei ya kila kitu kilichomo kikapuni. Je, Mtanzania ni mtoto asiyeweza kuhesabu?

SHITAKA LA NNE: PINGU

Mtu mmoja atasema: kama hupendi, hama. Maneno matamu! Hebu tuone huko kuhama kulivyo.

Setelaiti ya Azam iko upande wa magharibi yetu, nyuzi 7 mashariki; dishi lake hapa Njombe huinamia machweo. Setelaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, karibu juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo anayehama hana budi amwite fundi apande juu ya bati, ageuze dishi au afunge jipya. King'amuzi cha huyu hakifungui mawimbi ya yule, kwa maana kila mmoja ameyafunga kwa kufuli lake. Chombo ulichokinunua kwa fedha yako, kikaitwa chako, kwa kampuni nyingine ni tofali. Uhuru wa kuhama uliowekewa gharama ya dishi, king'amuzi na fundi si uhuru kamili. Ni uhuru wa ng'ombe aliyefungwa kamba ndefu.

Na hata ukihama, utahamia wapi? Mpira wenyewe umegawanywa kama nyama ya buchani. Ligi Kuu ya Uingereza kwa miaka mingi imekuwa kwa DStv. Ligi Kuu ya Tanzania Bara imo mikononi mwa Azam: mwaka 2021 Azam Media na TFF walitia saini mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6. StarTimes nayo imewahi kushika ligi ya Ujerumani. Matokeo yake, mwenye kibanda umiza pale karibu na stendi ya Makambako hulazimika kufunga madishi mawili au matatu, na gharama hizo humshukia kijana anayelipa kiingilio. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na hapa nyasi zalipishwa tiketi ya kutazama pigano.

TUWAPIME KWA HAKI

Hatupendi kumwaga wote katika debe moja. Azam imeipa nchi jambo la heshima: ligi yetu yaonekana, kwa Kiswahili chetu, na vilabu vyapata fedha. Njombe Mji ilipocheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18, wana Njombe waliokuwa mbali waliweza kuiona timu ya kwao. DStv imetengeneza chaneli ya tamthilia za Kibongo, na wasanii wetu wamekula humo. StarTimes ilipewa kazi katika mpango wa China, uliotangazwa mwaka 2015, wa kufikisha televisheni ya setelaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika, na vijiji vya Tanzania vimo. Hayo ni mema nasi twayasema.

Lakini katika jambo la mteja wa siku nyingi, tofauti zao ni za rangi ya dishi tu. Wote huhesabu mwezi kwa saa yao. Wote huuza magunia. Wote hufunga kufuli. Wote humfanyia mgeni ngoma.

Na hapa pana neno la uzalendo. Wako watu husema kampuni ya nyumbani isiguswe, tuwaseme wageni peke yao. Sisi hatukubali. Lumbesa ya mchuuzi wa kwetu haina uzito mdogo mgongoni kuliko lumbesa ya mgeni. Kampuni ya nyumbani ndiyo ipasayo kuwa ya kwanza kuonyesha njia, kwa sababu yajua LUKU ni nini, yajua masika ni nini, na imekabidhiwa kwa miaka kumi mpira wa taifa zima. Aliyepewa cha wote adaiwa na wote.

KISA CHA MWAKA 2018

Msidhani pingu hizi ni za makampuni tu. Mwaka 2018 TCRA ilisema kwamba leseni za Azam, DStv na Zuku haziruhusu kubeba chaneli za nyumbani zinazopaswa kutazamwa bure. Kazi hiyo ilikuwa ya wenye leseni nyingine. Chaneli hizo zikaondolewa katika ving'amuzi hivyo. Huenda sheria ilisema hivyo. Lakini nani aliyeumia? Ni mtu aliyekuwa amekwisha kununua dishi kwa sababu ndani yake aliziona ITV, Channel Ten na Clouds. Aliamka akakuta kioo cheusi, na wakubwa wakijadiliana juu ya kichwa chake. Hakuitwa, hakuulizwa, hakulipwa.

Hili ndilo somo kubwa kuliko yote. Makampuni yana mawakili. Serikali ina mamlaka zake. Vituo vina wenyewe. Mtazamaji wa Njombe hana kiti katika baraza, ingawa fedha zote zinazogombaniwa ni zake.

WATASEMA NINI?

Watasema haki za mpira ni ghali na setelaiti hukodiwa kwa fedha za kigeni. Tumekubali. Hatuombi bure, mkulima hajawahi kuomba bure. Twaomba kipimo. Muuza mafuta naye hununua kwa dola, lakini pampu yake hukaguliwa na Wakala wa Vipimo.

Watasema televisheni ni anasa. Basi mbona tulizimiwa analojia tukaambiwa lazima tununue ving'amuzi? Kitu hakiwezi kuwa lazima wakati wa kununua, kikawa anasa wakati wa kulalamika.

Watasema kelele za wananchi hazileti kitu. Uongo! Aprili 2021 makampuni ya simu yalipoleta vifurushi vipya, wananchi walipaza sauti nchi nzima, na vifurushi hivyo vikasitishwa. Nigeria, Juni 2024, baraza la mashauri ya ushindani na walaji liliamuru MultiChoice ilipe faini ya naira milioni 150 na kuwapa wateja mwezi mmoja bila malipo, kwa shauri la kupandisha bei. Ghana, mwaka 2025, Waziri Sam George aliidai kampuni hiyo hiyo ishushe bei na kuitishia leseni. Bei haikushuka, lakini kuanzia Oktoba wateja wa vifurushi vya chini walipandishwa bila kuongezewa malipo. Malawi, mwaka 2023, mahakama ilizuia bei isipandishwe, na kampuni ikatangaza kuifunga huduma yake ya DStv huko. Basi tusiwe wajinga: kampuni yaweza kufunga mlango. Ndiyo sababu kazi hii yataka akili na mpango, si hasira peke yake.

Makampuni nayo yafunguke macho. MultiChoice ilieleza kwamba katika miaka miwili ya hesabu iliyoishia Machi 2025 ilipoteza wateja milioni 2.8. Hao hawakufa. Walichoka. Kijana wa leo ana simu mkononi, na kufuli la dishi halimzuii. Anayemdharau mteja wa zamani atabaki na magari ya matangazo yakipiga muziki mbele ya nyumba zisizokuwa na madishi.

TWADAI MAMBO MATANO

Kwanza: siku zirudishwe. Mtambo ukiharibika upande wa kampuni, mteja aongezewe siku zile zile bila kuomba. Na mteja anayesafiri au kwenda shamba awe na haki ya kusimamisha kifurushi chake na kukifungua akirudi.

Pili: ofa ya mgeni iwe na ndugu yake. Kila kampuni inapompunguzia bei mteja mpya, iweke nafuu yenye thamani ileile kwa aliyelipa miaka mitatu mfululizo.

Tatu: kila chaneli ya kulipia iandikwe bei yake, na pawe na kikapu kidogo cha kuchagua mwenyewe.

Nne: TCRA na Tume ya Ushindani zitazame habari ya makufuli. Ving'amuzi vinavyoingia nchini viandaliwe ili mtu akihama asitupe chombo alichokilipia.

Tano: panapokuwa na mabadiliko ya leseni au bei, wananchi waitwe na kusikilizwa mikoani. Ofisi ya kanda ya TCRA iko Mbeya. Mwenye malalamiko wa Ludewa au Makete hawezi kupanda basi kwenda Mbeya kwa ajili ya siku tatu za picha. Wasikilizaji waje Njombe, waje Makambako, wakae ukumbini, wasikie.

NA SISI JE?

Haki haiji kwa kununa. Yafaa kila mteja aweke kumbukumbu za malipo yake, aandike tarehe picha ilipokatika, apeleke malalamiko kwa kampuni kwa maandishi, na asipojibiwa ayafikishe TCRA. Barua moja hutupwa. Barua mia tano kutoka mji mmoja husomwa. Wenye vibanda umiza, wenye migahawa, walimu, wachana mbao, wakulima wa chai na parachichi, undeni kamati ya wateja Njombe, na nyingine Makambako, kilomita sitini tu kati yenu. Babu zetu walipoona kipimo cha mnunuzi wa mazao chawaibia, waliunda vyama vya ushirika. KNCU ya Kilimanjaro ilisimama mwaka 1933, nchi ikiwa bado chini ya mkoloni. Wao waliweza kuikabili mizani ya kahawa. Sisi tulio huru tushindwe na saa ya king'amuzi?

Mteja mwaminifu si ng'ombe wa kukamuliwa na kusahauliwa zizini. Kipimo kikiwa cha haki, tutalipa na kutazama kwa furaha. Kikibaki cha kilemba, tutakikataa angani kama tunavyokikataa shambani.

LUMBESA NI WIZI, CHINI NA JUU!